Odeta Okeyo, Aliyekirudishia Kinanda Macho

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1995, Bi. Odeta Okeyo wa karakana ya umeme anakabidhi funguo zake baada ya utumishi wa miaka ishirini na minne kasoro mwezi mmoja. Aliajiriwa Agosti Mosi 1971, mashine ya kwanza ya kusuka nyavu ikiwa bado ndani ya sanduku lake la mbao. Mashine ile imemtangulia kuondoka. Mwezi uliopita ilipakiwa kwenye lori kama chuma chakavu, na hakuna aliyeiandikia wasifu.

Hili ndilo toleo la mwisho la jarida letu. Kiwanda cha Nyavu Ziwani kilipokuwa kiwanda, tulikuwa wafanyakazi mia nne na kumi na wawili. Leo tuko tisini na sita, na kuanzia Jumatatu tutakuwa chini ya mnunuzi wa kiwanda. Sababu tumeelezwa kwenye mikutano mitatu: nyavu za nje zimejaa sokoni Mabatini, ni nyepesi, ni rahisi, na soko ndilo litakaloamua. Soko limeamua. Hatukuwahi kuliona likiingia karakana kuuliza chochote, lakini limeamua.

Turudi kwa mhusika. Bi. Odeta, ambaye wengi tunamwita Mama Odongo kwa jina la mwanawe wa kwanza, alizaliwa Kinesi, ng'ambo ya ghuba ukitoka Musoma. Muziki aliujua kwanza kanisani, kwenye kinanda cha kukanyaga ambacho miguu yake ilikuwa haikifikii, ikabidi mdogo wake akae sakafuni akanyage kwa niaba yake. Ufundi redio aliusoma kwa njia ya posta. Hapa kiwandani aliajiriwa kuzungusha uzi kwenye vibiringi, na huko alidumu miaka miwili tu, maana msimamizi wake alichoka kumfuata karakana. "Mpeni ovaroli yaishe," alisema yule bwana. "Kila nikimtafuta kwenye mashine namkuta huku kashika bisibisi, na bisibisi yenyewe si yake."

Tangu hapo, feni zote, redio ya bwalo, kengele ya zamu na spika za mikutano zilipita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa kujishusha. Akitengeneza kitu alitaka kisifiwe, na ukichelewa kukisifu alikukumbusha. Alikuwa pia mwepesi wa hasira kwa yeyote aliyegusa meza yake ya kazi. Wahasibu wawili na mganga mmoja wa zahanati ya kiwanda wanaweza kulithibitisha hilo.

Mwaka 1984 mtaalamu wa Kidenmaki aliyekuja kufunga mitambo alimaliza mkataba wake, akatuachia kinanda chake cha umeme. Kilipokelewa stoo, kikapewa namba ya mali ya kiwanda, kikakabidhiwa bendi yetu ya Nyavu Jazi. Hakikuwa kinanda cha mbao na bomba. Kilikuwa boksi jeusi lenye vitufe, na ndani yake mlikuwa na sauti sitini na nne: filimbi, zeze, tarumbeta, kengele, na nyingine ambazo hakuna mnyama wala chombo cha duniani kinachozitoa. Ukitaka sauti, ulibonyeza kitufe hadi namba yake iwake kwa rangi nyekundu kwenye kioo kidogo katikati. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kizungu kisicho Kiingereza. Basi wafanyakazi wakazipa sauti majina yao wenyewe. Kumi na saba ikawa Kanisa. Thelathini na sita ikawa Meli, kwa kuwa ilinguruma kama meli inayoingia bandarini. Arobaini na mbili ikawa Njuga, kwa ajili ya wachezaji ngoma wa Bujora. Hamsini na tisa ikawa Bosi, kwa sababu ilianza kwa kishindo na kuisha bila kusema kitu.

Namba zile ziliingia kwenye desturi yetu ya getini, ambayo huenda viwanda vingine havina. Mtu akimaliza utumishi wake hapa, haondoki kimya. Bendi humtoa karakana hadi getini kwa wimbo wake na kwa namba yake. Mtu alikaa miaka akiifikiria namba. Wengine walibishana nayo majumbani. "Mimi mnipigie ishirini na nane," mtu mmoja wa kitengo cha rangi alisema mwaka 1987, "na asiyeipenda azibe masikio, siku hiyo ni yangu." Mama Odongo ndiye aliyekaa kwenye kinanda kwa kila aliyetoka, na hakuwahi kumkosesha mtu namba yake.

Kasoro mara moja. Mgao wa umeme ulipoanza, umeme haukuwa tatizo ulipokatika, ulikuwa tatizo uliporudi. Ulirudi kwa kishindo, na kila kishindo kilimega kitu. Kwenye kioo cha kinanda, kilichotangulia kufa ni kistari cha juu cha namba ya pili, hivyo saba na moja zikawa zinafanana. Tulikuwa kwenye ibada ya kumuaga marehemu fundi wa boila. Mama Odongo alitaka kumi na saba, ile Kanisa. Ikatoka kumi na moja, ambayo ni tarumbeta la kijeshi. Padri alirudi nyuma hatua nzima. Mjane ndiye aliyetuokoa. "Mwacheni apige," alisema huku akifuta machozi. "Mume wangu boila lilimziba masikio. Hii labda ataisikia."

Kufikia mwisho wa mwaka jana kioo chote kilikuwa kimekufa. Sauti zilikuwa hai ndani, ila hapakuwa na njia ya kujua umeshika ipi. Kuhesabu mibonyezo hakukusaidia, kwa kuwa kitufe chenyewe kilikuwa na wasiwasi: unakibonyeza mara moja, kinaruka mara mbili. Bendi ikanyamaza. Mama Odongo aliandika kwa watengenezaji, wakajibu kwa heshima kwamba aina ile haitengenezwi tena. Fundi mmoja wa Dar alimwambia anunue kipya. Akajaribu namba za kikokotoo cha uhasibu (ndiyo asili ya ugomvi na wahasibu), zikawa ndogo kama mbegu za mchicha.

Dawa ilipatikana kwenye sangara. Justa, mtoto wa dada yake, anakata minofu katika kiwanda kimoja cha samaki hapa ufukweni, ambako mizani ya umeme ikiharibika haitengenezwi, inatupwa nyuma ya uzio. Mama Odongo akaenda kuiona. Mlinzi wa pale, Bw. Chenge, alimzuia.

"Mama, shikamoo. Hizo ni taka."

"Marahaba. Ndizo nilizozifuata."

"Taka za hapa zinatoka kwa ruhusa, mama. Hata vichwa vya samaki vinatoka kwa ruhusa."

"Na redio yako hiyo inayokoroma, inatengenezwa kwa ruhusa ya nani?"

Akarudi na vichwa viwili vya mizani, vile visanduku vyenye taa za namba, kwenye kikapu.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana mwenyewe ameshausimulia bwaloni. Cha kwanza alikosea. Taa za namba ziko za aina mbili: zile ambazo vistari vyake vyote vinachangia waya wa chanya, na zile zinazochangia wa hasi. Kwa macho ni pacha. Yeye akalehemu zisizo zenyewe, akawasha, giza. Akailaumu bodi ya kinanda, akawalaumu Wadenmaki, akamlaumu mganga wa zahanati aliyekuwa amepita tu kuomba waya. Kumbe bodi ilikuwa nzima. Alipoweka zile za kichwa cha pili, zikiwa bado zinaning'inia kwenye nyaya juu ya meza, namba ziliwaka nyekundu, kubwa, safi. Kasoro zilibaki mbili. Nukta ya katikati ilikataa kuzimika, kwa hiyo arobaini na mbili ilisomeka nne na nukta mbili. Na kinanda kikipata moto kilinuka sangara. "Kilo nne na nukta mbili," walitania vijana wa kusuka. "Mama Odongo, tukatie na mkia."

Alizitazama zikiwaka, akazizima, akazing'oa na kuzifungia kabatini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Wote tulijua.

Iko desturi nyingine hapa. Kitu cha kiwanda kikifa na kufutwa, hupewa anayeondoka. Ndivyo baiskeli ya tarishi ilivyotoka, na cherehani ya bwalo, na feni mbili. Mama Odongo alikuwa amekwisha kukiomba kinanda tangu mwaka jana, na uongozi ulimjibu mbele ya watu: kikifutwa ni chako. Kilikuwa kimekufa tayari. Kilichobaki ni watathmini wa mnunuzi kuja mwezi Mei, wakione kimekufa, wakifute. Kinesi kwaya ya kwao ilikuwa imeshachongesha meza kwa kipimo cha kamba aliyowapelekea. Angepiga kanisani, angepiga harusini, angefundisha watoto. Hakuwa na mpango mwingine, kwa sababu huo ulikuwa unatosha. Rafiki yake wa stoo alimshauri kwa lugha ya stoo: "Dada Odeta, kiache kife mpaka Mei. Maiti haina mnunuzi." Akakubali.

Halafu Aprili ikaletwa hesabu ya kwanza ya wanaopunguzwa. Watu sitini na wawili, wote kuondoka Ijumaa ya tarehe 28. Si wastaafu. Ni watu waliotazamia bado miaka mingine. Bwaloni, Bi. Paskazia wa kitengo cha kukunja, miaka kumi na tisa kazini, aliweka sahani chini.

"Na sisi tutatoka kimya," alisema, "kama wezi?"

Hakumtazama Mama Odongo. Hakuna aliyemtazama. Wapo walioanza kujadili kuazima gitaa. Bw. Ndalahwa, mpiga ngoma wetu na mwendesha mashine namba nane, ambaye naye alikuwa kwenye hesabu hiyo, alisema gitaa halina namba, na yeye namba yake alishaichagua tangu mwanawe wa pili azaliwe. Mama Odongo alimaliza ugali wake. Akanawa. Akaenda kabatini.

Rafiki yake wa stoo alimfuata akamkumbusha Mei. Alimkumbusha meza ya Kinesi. Alimpigia hesabu yote, na hesabu ilikuwa sahihi. Yeye akachukua tupa akaanza kupanua dirisha la kinanda, kwa kuwa namba za mizani ni pana kuliko za Mdenmaki. "Hesabu yako ni nzuri," alisema bila kuinua kichwa. "Sasa nenda kamweleze Paskazia."

Ijumaa ile, wale mliokuwepo hamhitaji kusimuliwa. Kwa ajili ya wengine tuandike. Kinanda na spika yake vilibebwa kwenye mkokoteni wa nyuzi, waya mrefu wa umeme ukifuata nyuma kutoka karakana. Watu sitini na wawili walitolewa mmoja mmoja, kila mmoja kwa namba yake, mchana mzima. Waliotaka Kanisa walipata Kanisa. Waliotaka Meli walipata Meli, na mmoja wao alisimama getini akapunga mkono kama abiria. Wanne walitaka Bosi, tukacheka mpaka tukalia, au kinyume chake. Paskazia alitaka Njuga, akacheza mpaka kilemba kikamtoka, na hakukiokota. Kinanda kilinuka samaki. Nukta iliwaka. Mama Odongo hakukosea hata namba moja.

Mtathmini wa mnunuzi hakungoja Mei. Alikuja siku hiyohiyo kuangalia uzio tu, akakuta muziki, akasimama kusikiliza. Alikuwa mtu mpole, hata makofi alipiga. Kisha akauliza kwa kawaida tu, kama anayeuliza saa:

"Hiki kinanda kinafanya kazi?"

Aliyekuwa karibu naye ni Ndalahwa, jasho likimtoka, ngoma bado begani, mtu aliyekuwa ameachishwa kazi tangu asubuhi. Akajibu kwa fahari ya bendi yake: "Mzee, kinafanya kazi kuliko sisi!"

Jibu la mwanamuziki. Mtunza stoo angelijua swali lile limetoka wapi na linakwenda wapi, lakini mtunza stoo alikuwa ameshika waya upande wa pili. Kabla jua halijazama kinanda kilibandikwa karatasi na kufungiwa ofisini. Mama Odongo alikwenda kwa uongozi kuikumbusha ahadi. Alijibiwa kwa upole, na upole huo ndio unaouma: "Mama Odongo, kingekuwa kimekufa kingekuwa chako. Sasa kiko hai, ni mali ya mnunuzi."

Tumeitafakari sentensi hiyo miezi miwili. Tumeshindwa kuipata kasoro. Ni sahihi kama hesabu ya stoo. Inasema kwamba katika kiwanda hiki, kwa wakati huu, anayetengeneza hupoteza na anayeacha vitu vife hupewa zawadi. Kama ndilo somo la zama mpya, basi tulifundishwa vibaya kwa miaka ishirini na minne, na aliyefundishwa vibaya kuliko wote ni mhusika wa wasifu huu.

Ndalahwa, anayeishi mtaa wa pili, alikwenda nyumbani kwa Mama Odongo, akakaa mlangoni akishindwa kubisha. Aliyefungua ndiye aliyeanza kusema: "Wewe mpiga ngoma, umekuja kula au kulia? Kulia nimeshamaliza. Ugali upo." Hatujui zaidi ya hapo.

Tunayoyajua ni ya wiki mbili zilizopita. Kulikuwa na maneno kwamba kinanda kimeonekana kwenye hoteli ya mnunuzi, ufukweni upande wa Ilemela. Mama Odongo akataka kwenda, akasindikizwa na mmoja wetu. Wakaagiza soda mbili. Kinanda kilikuwa karibu na kaunta, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Kilikuwa kimewashwa, nukta na namba zikiwaka nyekundu. Hapakuwa na spika. Hapakuwa hata na waya wa spika.

Mhudumu, binti mdogo aitwaye Yasmin, aliwaeleza kwa adabu. "Hakipigwi, mama. Ni cha urembo. Wageni wanapenda zile taa, tunaziwasha usiku na mchana."

Mama Odongo aliomba kukikaribia, akaruhusiwa. Akasogeza maua. Akabonyeza kitufe mpaka namba aliyoitaka, akapiga wimbo mzima tangu mwanzo hadi mwisho. Kilichosikika ni ngozi ya vidole juu ya plastiki. Wageni wa meza ya jirani waligeuka, wakarudia bia zao. Alipomaliza alinyoosha mkono nyuma akakizima. Namba zikafa.

"Mama, nisamehe," alisema Yasmin. "Bosi akikuta giza ataniuliza mimi. Aliyekuwepo kabla yangu aliondolewa kwa mambo kama hayo."

 Mama Odongo akanyoosha mkono uleule, akakiwasha. Akarudisha maua mahali pake, akayapanga vizuri kuliko yalivyokuwa, akamuuliza Yasmin ni mtoto wa nani na wa wapi, akalipa soda, wakaondoka.

Mama Odongo, jarida hili halina zawadi ya kukupa. Kamati ya kuaga ilivunjwa pamoja na bwalo. Tunakushukuru kwa feni, kwa redio, kwa kengele ya zamu, na hata kwa matusi yako tuliyostahili. Tunakushukuru kwa niaba ya wale sitini na wawili, ambao wengi wao hawatalisoma hili kwa kuwa hatujui walipo. Leo saa tisa alasiri tutatembea nyuma yako mpaka getini, sisi tisini na watano tunaobaki, bila ala yoyote. Utuwie radhi kwa ukimya huo, kwa maana tumejaribu kutafuta mtu wa kuujaza, na aliyeweza ni wewe. Mungu akufikishe Kinesi salama, akupe afya, na wanao wakutunze kuliko tulivyokutunza sisi.

*Salehe Nurdin, Stoo, kwa niaba ya wafanyakazi*